Rivyu ya Mannlicher-Schönauer 1903: chuma cha maana, ila hadithi ya tembo usiilipie

Wenye haraka niwaambie kabisa muende zenu. Kama unakusanya bunduki za kuwindia za zamani za bolti (kile chuma unachokivuta nyuma na kukirudisha kwa mkono kila ukitaka kupiga) na hujawahi kuishika Mannlicher-Schönauer mkononi basi bado una deni, itafute. Ila kama hela yako ni ya bunduki moja tu na unataka kwenda nayo porini kila wikiendi, achana nayo, chukua Winchester au Mauser ya kawaida maisha yaendelee, maana hii risasi zake zinatafutwa kwa tochi na darubini haitaki kabisa kufungwa juu yake. Waliobaki twende taratibu, maana nimekaa nayo sasa, nimeipiga, nimeifungua mpaka skrubu ya mwisho na nimegombana na muuzaji kwa ajili yake.

Kwa wasioijua. Ni bunduki ya Austria, imetoka mji wa Steyr, kwenye kile kiwanda alichokianzisha Josef Werndl. Bolti ni kazi ya Ferdinand Mannlicher ambaye alianzia kwenye uinjinia wa reli kabla hajahamia kwenye silaha, japo ukiichunguza vizuri utaona ina undugu wa karibu sana na ile bunduki ya jeshi la Ujerumani ya 1888. Magazini ni ya Otto Schönauer, mkubwa wa kiwanda, na mimi kwa maoni yangu yeye ndo aliyeifanya hii bunduki iwe hii bunduki. Jeshi la Ugiriki likaichukua kama silaha yake, ndo ile wanaiita modeli ya 1903, na pembeni kiwanda kikawa kinatoa toleo la wawindaji, mtutu mfupi wa kama sentimita 45, mbao ya walnati imeusindikiza mtutu mpaka mdomoni na kumaliziwa na kofia ya chuma. Risasi yake 6.5x54, yaani unene wa kichwa na urefu wa ganda kwa milimita. Zikafuata 1905 ya 9x56, 1908 ya 8x56, na 1910 ya 9.5x57, afu baada ya vita kuu ya pili zikaja nyingine za kaliba (ukubwa wa risasi) za Kimarekani, mpaka miaka ya 1970 mwanzoni wakafunga hesabu. Ya kwangu ni hiyo 1903 na rivyu hii ni ya hiyo, za baada ya vita ni mnyama mwingine.

Tuanze na bolti maana ndo kila mtu anaulizia. Inateleza kama kambale. Sijui niseme nini zaidi, unainua ule mkono bapa uliolala ubavuni, unanyanyua mdomo wa bunduki juu kidogo na bolti inarudi nyuma yenyewe kwa uzito wake, hakuna kukwaruza hakuna kucheza kushoto kulia. Bunduki ina karibu miaka mia! Nimeshika bunduki mpya za dola elfu mbili zinalia kama bawaba kavu, hii kimya. Sehemu ya siri ni kwamba daraja la nyuma la resiva (kile chuma kinachobeba bolti) limepasuliwa katikati, mkono wa bolti unapita humo humo kwenye ule mpasuko, kwahiyo bolti muda wote imeshikwa na reli yake haina pa kuyumba. Mpasuko huo huo ndo unaokuja kutunyima raha kwenye darubini, nitafika huko.

Sasa magazini. Hapa naomba mnivumilie. Bunduki nyingi za bolti unajua zilivyo, risasi zinapangwa kwenye boksi, springi chini inazisukuma juu, basi. Huyu bwana Schönauer yeye akaweka rota, yaani kipande cha chuma kinachozunguka chenye mifereji mitano, kila risasi inalala kwenye mfereji wake peke yake na haigusani na mwenzake. Unaisukuma risasi ya kwanza kwa kidole gumba, unasikia rota inajigeuza chini ya kidole, tk, unaweka ya pili, tk, mpaka tano zimeingia, au unatumia klipu unazishusha zote kwa mara moja. Ukitaka kuzitoa huna haja ya kupitisha moja moja kwenye chemba kama wendawazimu, unafungua bolti, kuna kitufe kidogo upande wa kulia pale ndani, unakibonyeza na zote tano zinaruka juu mkononi mwako. Mara ya kwanza zitaruka mpaka sakafuni, weka kiganja juu. Na kwa sababu kila risasi imeshikwa kwenye mfereji wake, ukipiga ile ya juu zilizobaki haziendi kugongagonga vichwa mbele ya magazini, kitu ambacho kwenye bunduki zenye teke kali kinaharibu ncha za risasi laini.

Kuisafisha ndo raha ingine. Bamba la chini lina kitundu, unachukua ncha ya risasi (bila mzaha ndo kifaa chenyewe, Waaustria walifikiria kwamba mwindaji porini atakosa bisibisi lakini risasi hawezi kukosa), unabonyeza kitufe kilicho ndani ya hicho kitundu, unazungusha bamba robo mduara, magazini nzima inatoka mkononi kama ilivyo. Ya kwangu nilipoitoa nikakuta grisi ya zamani imeganda imekuwa kama gundi ya viatu, nikailoweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi rota inazunguka kwa pumzi. Sijabadilisha springi. Springi ya kwanza hiyo, na bado inafanya kazi.

Triga zipo mbili. Ukivuta ya nyuma inatega ile ya mbele, na baada ya hapo ya mbele ukiigusa tu kwa upepo wa kidole imeshafyatuka, katikati kuna kaskrubu ka kurekebisha. Ukitaka unaitumia ya mbele bila kutega inakuwa nzito kidogo lakini sawa tu. Mimi kwa shabaha za mezani natega, kwa porini sitegi, na kama una mikono ya kutetemeka au umevaa glavu nakuomba na wewe usitege.

Kupiga inavyopiga: teke lake dogo sana, inasukuma bega haipigi bega. Risasi ya asili ina kichwa (kile kipande kinachoruka) kirefu cha mviringo cha greni 160, yaani gramu kumi na kitu, kinachotoka taratibu tu kwa viwango vya leo, kama mita 680 kwa sekunde hivi. Wanaosoma namba watacheka. Ila ule urefu wa kichwa ndo silaha yake, chembamba, kirefu, kizito kwa unene wake, kinaenda ndani moja kwa moja hakigeuki wala hakipasuki ovyo. Kwa nguruwe pori wa huku Texas, na ndani ya yadi 150, sijaona sababu ya kulalamika. Kwa saiti zake za chuma (vile vilengeo vya juu ya mtutu) yadi 100 napata kundi la kama inchi mbili na nusu hadi tatu, macho yangu yenyewe si ya kijana, na kwa bunduki yenye mbao mpaka mdomoni hiyo ni nzuri. Mbao ndefu hiyo ina tabia zake, siku ya unyevu mwingi inavimba inausukuma mtutu na shabaha inahama, usikimbilie kugusa saiti, subiri ikauke kwanza.

Haya, utafiti, maana bunduki ya zamani bila utafiti unanunua chuma gizani.

Muuzaji (simtaji, tangazo lake la mtandaoni lilijaa herufi kubwa) aliiandika kwamba ni bunduki ya mwindaji wa pembe za ndovu, ilikuwa Karamoja Uganda mwaka 1908, imetembea na wapagazi sijui nini, bei dola 1,900. Mimi nikamwambia bwana naomba picha ya ubavu wa mtutu pale unapokutana na resiva. Akaleta picha ya kitako. Nikaomba tena, akaleta picha ya kitako kwa pembe nyingine. Ya tatu ndo akaleta yenyewe, na pale kuna alama ya majaribio ya Vienna, NPv (muhuri kwamba ilijaribiwa huko kwa baruti), imefuatiwa na namba na mwisho tarakimu 25. Hizo tarakimu za mwisho ni mwaka. Sasa bunduki iliyopimwa baruti Vienna mwaka 1925 ilifanyaje kuwa Karamoja 1908? Nikamuuliza hivyo hivyo kwa upole kabisa, "Kaka, hii ilizaliwa miaka 17 baada ya safari yake?" Kimya siku nzima, afu akajibu kwamba yeye kaambiwa na mjane wa mwenye bunduki. Sawa. Tukashuka mpaka 1,450 pamoja na usafiri.

Hizo alama ndo shule yenyewe wadau. Jina la kampuni pia linasaidia: Oesterreichische Waffenfabriks-Gesellschaft ni jina la zamani, kuanzia 1926 wakawa Steyr-Werke, 1934 wakaunganishwa wakawa Steyr-Daimler-Puch, kwahiyo mtu akikuuzia bunduki ya "kabla ya vita ya kwanza" iliyoandikwa Daimler-Puch we muage tu kwa heshima. Ukikuta alama za Uingereza zinazosema NOT ENGLISH MAKE (haikutengenezwa Uingereza), hizo walianza kuzigonga 1925, maana yake ilipitia huko kuanzia wakati huo. Na ukikuta juu ya mtutu jina la duka la Uingereza hapo ndo pa kuchangamkia, kwa sababu maduka kama Rigby na Holland & Holland yalikuwa yanaandika kwenye vitabu kila bunduki iliyotoka, namba, tarehe, na mteja, na mpaka leo ukiwaandikia na namba ya bunduki wanakutafutia kwa malipo. Karatasi hiyo ndo inaitwa historia. Mengine yote, picha ya mzee mwenye kofia amesimama juu ya nyati, mkanda wa ngozi ya mnyama, stika ya Nairobi, ni mapambo, usiyaongezee hata senti.

Ila hadithi yenyewe inatoka wapi? Inatoka kwa mtu wa kweli. W.D.M. Bell, Mskochi, kazaliwa karibu na Edinburgh 1880, wakambandika jina Karamojo kwa ajili ya huko Karamoja alikozurura akitafuta pembe. Anahesabiwa tembo zaidi ya elfu moja, na wengi kawapiga kwa kaliba ndogo, ikiwemo hii 6.5 ya Mannlicher na zaidi ile 7x57 ya Mauser ambayo Rigby wa London walikuwa wanaiuza kwa jina la .275 (hicho ni kipimo cha inchi). Watu wanasoma hivyo wanaruka kichwa kichwa, eti kumbe 6.5 inaua tembo. Jamani. Huyo mtu alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi ukimtazama kila upande, afu ndo akawa anapitisha kichwa kirefu kilichovikwa chuma kote mahali pale pale. Na 6.5 yenyewe aliiacha kwa sababu risasi alizokuwa anapata zilikuwa zinamwangusha, akahamia kwenye 7x57. Hiyo sehemu wauzaji hawaiandiki kwenye matangazo, sijui kwanini. Leo Tanzania kwa wanyama hatari kaliba inaanzia .375 na Kenya uwindaji wa burudani ulifungwa 1977, kwahiyo hata ungetaka kumuiga hamna pa kumuigia, na mimi kwa tembo wenyewe nasema afadhali iwe hivyo. Mtu anayetaka bunduki ya bolti iliyofanya kazi kweli Afrika Mashariki, ya kulinda mashamba ya watu na kufukuzana na tembo wakorofi, atafute .404 Jeffery za idara za wanyamapori za enzi za mkoloni, zile zimechakaa kwa haki, zimepigwa rangi, zimegongwa namba za serikali, hakuna anayezipamba kwa hadithi.

Turudi kwenye mzigo. Ulipofika, mbao ilikuwa na ufa mwembamba nyuma ya mkia wa resiva, pale pale ambapo picha zote alizotuma hazikuonyesha, ajabu eti. Hizi bunduki nyingi zinapasuka hapo kwa sababu skrubu zikilegea resiva inarudi nyuma kila ukipiga na kuipasua mbao kama kabari. Fundi bunduki wa mjini kwetu, mzee mmoja mtulivu, akaingiza gundi kwa sindano, akaibana, na akanipunguzia mbao kidogo nyuma ya mkia ili chuma kisiguse tena. Dola 120. Ndani ya mtutu kulikuwa na vidoti vya kutu, vichache, tena karibu na mdomo. Hiyo ni kazi ya fataki za zamani (kile kikofia cha kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi), zile zilikuwa zinaacha chumvi ndani ya mtutu na mtu asipopitisha maji ya moto siku ile ile basi kesho kutu ameshaingia. Kwahiyo ukinunua yoyote ya kabla ya vita kuu ya pili, tochi ndani ya mtutu kwanza, mapenzi baadaye. Cheki na namba, ile ya kwenye bolti na ya kwenye resiva zifanane, bolti ikiwa ya kuazima usiipige mpaka fundi apime chemba.

Risasi ndo mateso. Madukani hakuna, usijisumbue kuulizia, kijana wa kaunta atakuletea 6.5 Creedmoor akidhani amekusaidia na hiyo haiingii wala usijaribu. Viwanda vichache vinatengeneza kwa misimu na bei yake unaweza kula nyama ya dukani mwezi mzima. Mimi najaza mwenyewe, na hapo unakutana na kichwa ngumu cha Schönauer: rota imechongwa kwa ajili ya risasi ile ya greni 160 yenye kichwa cha mviringo na urefu wake ule ule. Ukimpa kichwa kifupi chenye ncha, risasi inachezacheza kwenye mfereji, inapanda kwa pembe mbaya, inakwama. Watu wanasema bunduki mbovu. Bunduki haina shida, umeilisha chakula cha nyumba nyingine. Tena mitutu ya zamani saa ingine imepanuka kidogo kuliko kipimo cha vitabuni, kwahiyo pitisha kwanza kirisasi laini cha ledi usome vipimo kabla hujanunua vichwa kwa maboksi.

Na darubini, kwa kifupi: usiweke. Mkono wa bolti unapita katikati ya daraja na kile kibawa cha sefti (kifungio cha usalama) nyuma ya bolti kinasimama juu, kwahiyo darubini inabidi ipae juu sana mpaka unalenga kwa kidevu. Mafundi wa Austria na Ujerumani walikuwa wanafunga kwa makucha, kazi ya mkono, ukiikuta imekuja nayo hongera. Wamarekani wengi wao walitoboa ubavu wa resiva wakafunga bamba, na kila tundu limetoboa bei pia. Ukiona viskrubu vidogo vimeziba matundu ubavuni, punguza mia kadhaa bila huruma. Mimi ningetafuta ile saiti ya tundu ya Lyman namba 36 iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki hizi, tatizo bei yake sasa hivi ni ya mbuzi watatu.

Sheria, kwa ndugu zangu wa huku Marekani maana naulizwa sana. Mwenye green kadi anaruhusiwa kununua kama mwananchi, unajaza fomu dukani na unaangaliwa rekodi. Uliye na viza ya muda, ya shule au ya kazi, kwa kawaida hauruhusiwi hata kuishika isipokuwa uwe na moja ya ruhusa maalum kama leseni halali ya uwindaji ya jimbo, kwahiyo usiende reinji (uwanja wa shabaha) na shemeji ukapiga picha ukatuma statasi. Bunduki iliyotimiza miaka 50 na haijachakachuliwa inaingia kwenye kundi la vitu vya kale, na kuna leseni ya mkusanyaji kutoka ATF (idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha), dola 30 kwa miaka mitatu, inakuruhusu bunduki za kundi hilo zikuje mpaka mlangoni kwako kutoka jimbo lingine, sharti uandike kila inayoingia na kutoka kwenye kitabu. Iliyotengenezwa mpaka mwisho wa 1898 kwa sheria ya nchi nzima ni antiki, ila 1903 jina lake tu linakwambia haimo. Na wale wa "niletee moja Morogoro kwenye kontena", hapana bana. Vibali vya huku vya kutoa, vibali vya polisi vya huko vya kuingiza, bila hivyo ni kesi na sio kesi ndogo.

Nikiipa maksi: bolti na magazini kumi kwa kumi na ningetoa kumi na moja, triga tisa, saiti saba, kupata risasi mbili, muuzaji tatu na hiyo ni kwa sababu alifunga boksi vizuri. Kwa 1,450 pamoja na 120 za fundi naona nimelipa sawa, kwa 1,900 aliyoitaka ningekuwa nimelipa dola mia nne na kitu kwa ajili ya mjane ambaye sidhani kama yupo. Ile nafasi ndani ya kitako, ukifungua kamlango ka chuma, ya kwangu imekuja tupu, ufito wake wa kusafishia wa vipande haupo. Mwenye nao wa ziada, au maganda ya 6.5x54 yasiyopasuka shingo, anishtue tuongee bei.